Sauti safi kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye sabufa: mwongozo kamili

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mtu kanunua kigeuzi cha sauti cha USB, kakichomeka, na mvumo uko palepale. Mwingine kanunua kebo ya mwanga, taa nyekundu inawaka, spika kimya. Wa tatu amejaza diski faili za FLAC (muziki usiopunguzwa ubora) na anaapa hazina tofauti yoyote na MP3 zake za zamani. Wote wanamlaumu muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, na mara nyingi muuzaji hana kosa. Kifaa ni kizima. Ama hakikupangwa, ama kilinunuliwa kuondoa tatizo ambalo hakina uwezo nalo.

Lengo letu ni moja: sauti itoke kwenye kompyuta ikiwa bado ni namba, namba hizo zisiguswe njiani, zigeuzwe kuwa umeme nje ya kompyuta, na kiasi cha sauti kirekebishwe sehemu moja tu. Ukiruka hatua moja, nyingine hazitakusaidia.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta ya Windows, Mac au Linux. Hata ya miaka kumi inatosha.
- Amplifaya, sabufa au spika zenye amplifaya ndani. Angalia nyuma yake zina matundu gani: mengi ni yale mekundu na meupe ya RCA, mengine ni AUX ya milimita 3.5, machache yana tundu lililoandikwa OPTICAL.
- Kigeuzi, yaani kile kiboksi au kiwaya kinachogeuza namba za sauti kuwa umeme, ambacho mafundi wanakiita DAC. Usikinunue kabla ya kumaliza hatua ya 1 na ya 2.
- Kebo ya kutoka kwenye kigeuzi hadi kwenye amplifaya. Iwe fupi kadiri inavyowezekana. Mita moja au mbili.
- Ekstensheni moja nzuri yenye pini tatu na ethi inayofanya kazi.
- Hedifoni ya kawaida ya waya. Itakuokoa wakati wa kutafuta tatizo liko upande gani.
- Wimbo mmoja unaoujua vizuri, kutoka kwenye CD halisi au faili isiyopunguzwa ubora.

Kebo zenye ncha za dhahabu na maelezo marefu kwenye boksi hazimo kwenye orodha hii, wala si kwa bahati mbaya. Pesa hiyo ongeza kwenye spika. Katika mnyororo mzima huu, spika ndizo zinazobadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote, na baada yake ni mahali ulipoziweka chumbani.

## Hatua ya 1: Tambua kelele uliyo nayo

Simamisha muziki. Acha amplifaya kwenye kiasi unachosikilizia kawaida, kisha sogea karibu na spika usikilize.

Mvumo mzito usiobadilika. Hili ni tatizo la umeme. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, kwa hiyo mvumo unasikika kwenye hezi 50 au 100, chini kabisa, na sabufa inaupenda sana. Unatokea pale vifaa viwili vinapofika kwenye ethi kwa njia mbili tofauti na bado vimeunganishwa kwa waya wa sauti.

Mluzi au mkwaruzo unaobadilika ukisogeza mausi au ukifungua faili kubwa. Hiyo ni kelele ya ndani ya kompyuta inayovuja kwenye tundu la hedifoni. Hapa ndipo kigeuzi cha nje kinapofanya kazi yake.

"Shhh" ya muda wote. Ikiongezeka unapozungusha kitufe cha sauti cha amplifaya, basi unatuma sauti ndogo mno kutoka kwenye kompyuta na kuilazimisha amplifaya ikuze kila kitu, pamoja na takataka. Dawa yake iko hatua ya 6.

Sauti inakatika au inatoa "tik, tik". Hiyo ni foleni ya data ndani ya kompyuta. Nenda hatua ya 8.

Sasa fanya majaribio mawili. La kwanza: ikiwa ni laptopu, chomoa chaja iendelee kwa betri. Mvumo ukikata papo hapo, umeshajua kosa liko kwenye umeme, si kwenye kadi ya sauti. La pili: punguza sauti, chomoa waya wa sauti nyuma ya amplifaya, kisha ongeza sauti taratibu. Ikiwa mvumo bado upo na hakuna kitu kilichochomekwa, amplifaya yenyewe ni mbovu na hakuna kigeuzi kitakachoiponya. Mpelekee fundi, kapasita za pawa sapulai zikichoka huwa hivyo.

*Umefaulu kama* unaweza kusema kwa sentensi moja: kelele yangu ni ya aina hii, na inatoka upande huu.

## Hatua ya 2: Chagua mlango wa kutokea

Kompyuta inaweza kutoa sauti ya kidijitali kwa njia kadhaa, na hazilingani.

USB ndiyo ninayowapendekezea wengi. Kila kompyuta inayo, na kigeuzi kinapata umeme wake humohumo. Tangu Windows 10 toleo la 1703 la mwaka 2017, Windows ina draiva yake ya vigeuzi vya kisasa vya USB, hivyo kwa kawaida unachomeka na kusubiri sekunde chache. Mac na Linux hazihitaji chochote. Ubaya wake ni mmoja, na ni mkubwa: waya wa USB unabeba ethi pamoja na sauti. Kama kelele yako ni mvumo wa umeme, kigeuzi cha USB kinaweza kuuacha palepale. Hii ndiyo sababu ya nusu ya malalamiko yote.

Kebo ya mwanga, ile yenye kichwa cha mraba inayoandikwa OPTICAL, S/PDIF au TOSLINK, hupitisha mwanga kwenye uzi wa plastiki. Hakuna shaba kati ya kompyuta na amplifaya, kwa hiyo mvumo wa ethi hauna pa kupita. Iko kwenye mazabodi nyingi za kompyuta za mezani na nyuma ya runinga nyingi. MacBook Pro za kabla ya 2016 zinayo ndani ya tundu la hedifoni. Unahitaji tu kichwa kidogo cha duara. Inabeba stereo kamili, au sauti ya 5.1 (ile ya sinema, ya spika tano na sabufa) iliyobanwa kwa Dolby Digital au DTS. Haibebi 5.1 isiyobanwa.

Koaksia ni tundu moja la RCA, mara nyingi la rangi ya machungwa. Inabeba kitu kilekile kama kebo ya mwanga, ila kwa shaba, kwa hiyo mvumo unarudi. Itumie ukiwa huna njia nyingine, na tafuta kebo ya omu 75. Ile ya manjano ya video ya deki ya zamani ni ya omu 75 na inafaa kabisa.

HDMI ni nzuri kama una resiva ya sinema au kama kompyuta inaonyesha kwenye runinga. Unaweza kutoka HDMI hadi runinga, kisha kebo ya mwanga kutoka runinga hadi sabufa. Inafanya kazi, lakini runinga inaweza kuchakata sauti upya na kuichelewesha kidogo. Kwa filamu sawa. Kwa muziki, ni njia ya pili.

Bluetooth ni kwa urahisi, si kwa ubora wa juu. Sauti inabanwa upya kabla ya kurushwa, hata kama faili yako ilikuwa kamili.

Kwa hiyo, kwa ufupi: kelele ya mluzi wa kompyuta, chukua USB. Kelele ya mvumo wa umeme, chukua mwanga. Kompyuta isiyo na tundu la mwanga? Kuna vigeuzi vya USB vyenye tundu la mwanga la kutolea, kama Behringer UCA202, ambayo inatoa biti 16 (ukubwa wa kila namba ya sauti) kwa kilohezi 48 (namba 48,000 kwa sekunde). Kwa muziki wa kawaida inatosha. Unakitumia kama daraja, halafu kigeuzi cha mwanga kinakaa upande wa amplifaya.

## Hatua ya 3: Ondoa mvumo kabla ya kitu kingine

Aliyekuwa na mluzi tu aruke hatua hii. Wengine wasiiruke, maana ukianza kurekebisha Windows huku mvumo upo, utakuwa unachezea programu kutafuta kosa lililo ukutani.

1. Chomeka kompyuta, amplifaya, runinga na kila kilichounganishwa navyo kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukutani. Sababu: vifaa vikifika kwenye ethi kwa njia moja, mzunguko unaoleta mvumo haupati nafasi. Angalia tu mzigo usizidi uwezo wa ekstensheni. Pasi na hita zisikae humo.

2. Kama runinga imeunganishwa na king'amuzi, fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi usikilize. Dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma juu ya bati lina ethi yake, na waya wake unaiingiza sebuleni. Nimeona watu wakibadilisha amplifaya nzima kwa sababu ya waya huu.

3. Ikiwa mvumo unakata ukichomoa chaja ya laptopu, jaribu chaja halisi yenye pini tatu badala ya ile ya pini mbili ya kuazima. Chaja za pini mbili huvujisha umeme mdogo sana kwenye bodi ya laptopu. Ndiyo ile hali ya kuhisi vidole vinawashawasha ukipitisha mkono juu ya bati lake.

4. Kama yote yameshindikana, katisha shaba. Njia bora ni kebo ya mwanga. Njia ya pili ni kitenganishi chenye transfoma, kinachokaa kwenye waya wa RCA au AUX kati ya kigeuzi na amplifaya. Vile vya bei ya chini kabisa hupunguza besi, kwa hiyo sikiliza kabla ya kulipa. Vipo pia vitenganishi vya USB, ila vingi vya bei nafuu vinapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, na kigeuzi cha kisasa kinaweza kukataa kuwaka kupitia humo.

Onyo. Usikate pini ya ethi, na usimruhusu fundi aikate. Ni kweli mvumo utaisha. Lakini ile pini ipo ili siku waya wa moto utakapogusa bodi ya chuma, fyuzi ikatike badala ya umeme kupita kwa mtoto anayewasha redio. Na kama nyumba yenyewe haina ethi, hilo ni la fundi umeme wala halihusiani na muziki tena.

*Umefaulu kama* muziki umesimama, sauti iko kwenye kiasi cha kawaida, na ukiwa umekaa kwenye kochi husikii kitu.

## Hatua ya 4: Unganisha

Zima amplifaya kwanza. Kuchomeka waya wa RCA amplifaya ikiwa inawaka kunatoa mshindo unaoweza kuichana spika.

Kwa USB: chomeka kigeuzi moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye mazabodi yenyewe. Habu ya USB yenye mausi, flashi na modemu inagawana njia moja kwa wote, na sauti ndiyo ya kwanza kukatika.

Kwa kebo ya mwanga: toa vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Ni vya kuonekana kwa shida, na kwa kweli ndivyo sababu ya kwanza ya "taa inawaka, spika kimya". Ingiza kichwa hadi usikie "tak". Usiikunje kwa kona kali, maana uzi wa ndani ukivunjika hauungiki. Ukitaka kujua kama kompyuta inatuma, angalia mwanga mwekundu kwenye ncha ya pili ukiielekeza kwenye kiganja.

Kile kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa RCA kinahitaji umeme wake wa volti 5. Kipe chaja ya simu. Ukichomeka USB yake kwenye kompyuta, umeirudisha ileile shaba uliyotumia pesa kuiondoa.

*Umefaulu kama* taa ya kigeuzi imetulia. Kwenye vigeuzi vingi, taa inayopepesa inamaanisha hakijapata mawasiliano.

## Hatua ya 5: Panga kompyuta

Hapa ndipo namba zinapoharibiwa kimyakimya. Kila mfumo una mchanganyaji wa ndani unaounganisha sauti za programu zote, na huulazimisha muziki wako ufuate kasi moja. CD ni sampuli, yaani namba za sauti, 44,100 kwa sekunde, video nyingi ni 48,000. Ukicheza ya kwanza kwenye kifaa kilichopangwa kwa ya pili, kompyuta inakokotoa upya sampuli zote. Tofauti si kubwa kama mashabiki wanavyodai, lakini kuiondoa ni bure.

### Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, bonyeza Enter. Hili ni dirisha la zamani la sauti, na bado ndilo lenye kila kitu.

1. Kichupo cha "Playback": bofya kigeuzi chako kulia, kiweke kuwa chaguo-msingi. Ukiwa na kebo ya mwanga, tafuta jina lenye neno Digital au SPDIF. Ukiwa na HDMI, litakuwa na jina la runinga au la kadi ya picha.

2. Fungua "Properties", kisha "Advanced". Chagua biti 24. Kwa kasi, chagua 44100 ikiwa unasikiliza zaidi CD na faili za muziki, 48000 ikiwa ni YouTube na filamu. Usichague 192000 kwa sababu tu ipo. Wimbo wa 44,100 haupati kitu kipya kwa kuchorwa kwa namba nyingi zaidi.

3. Hapohapo, acha alama kwenye kisanduku kinachoruhusu programu kukimiliki kifaa peke yake. Tutakihitaji hatua inayofuata.

4. Zima "Enhancements" zote. "Loudness Equalization" na wenzake hubana muziki ili sehemu za kimya na za kelele zilingane. Huo ni msaada kwa spika za laptopu na adhabu kwa sabufa. Programu ya sauti iliyokuja na laptopu nayo ifungue uizime, maana ina vikorombwezo vyake.

5. Kichupo cha "Communications": chagua "Do nothing". Usipofanya hivyo, Windows itapunguza muziki kila simu ya mtandaoni ikiingia.

Kwa wenye kiboksi cha mwanga au sabufa ya kawaida yenye OPTICAL: vifaa hivi vingi vinaelewa stereo ya PCM tu, yaani namba za sauti zisizobanwa. Kama runinga iko katikati, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na uweke "Digital Output" iwe PCM. Ikiachwa kwenye Dolby au Auto, sabufa inapokea lugha isiyoijua na kunyamaza, au inatoa mkwaruzo wa kutisha.

### Mac

Fungua "Audio MIDI Setup" ndani ya folda ya Utilities. Chagua kigeuzi upande wa kushoto, weka "Format" kwenye kasi ya faili zako nyingi na biti 24. Kazi imeisha.

### Linux

Distro (matoleo ya Linux) nyingi za sasa zinasimamia sauti kwa PipeWire, ambayo kwa kawaida inabaki kilohezi 48 hata ukicheza CD. Tengeneza faili `~/.config/pipewire/pipewire.conf.d/kasi.conf` na uandike:

`context.properties = { default.clock.allowed-rates = [ 44100 48000 88200 96000 ] }`

Kisha `systemctl --user restart pipewire`. Sasa itabadilisha kasi kufuata wimbo, mradi hakuna programu nyingine inayotoa sauti kwa wakati huo. Hakikisha kwa `cat /proc/asound/card*/pcm*p/sub*/hw_params` wimbo ukiwa unacheza. Mstari wa `rate` ndio ukweli, hata kama programu inaonyesha kitu kingine.

*Umefaulu kama* kigeuzi chenye kioo au taa za kasi kinaonyesha ile uliyoichagua.

## Hatua ya 6: Programu ya kuchezea, na kitufe kimoja cha sauti

Kwenye Windows, foobar2000 ni ya bure na inatosha. Ndani ya "Preferences", "Playback", "Output", chagua kifaa chako chenye neno `[exclusive]` mwishoni, na biti 24. Hapo muziki unampita mchanganyaji wa Windows pembeni. Utajua imefanya kazi kwa sababu YouTube itakaa kimya wakati wimbo unacheza. Watu huniuliza kama hiyo ni hitilafu. La, ndiyo maana yenyewe ya kumiliki kifaa peke yake. Ukichoka nayo, rudisha kawaida. Kwa biti 24 na kasi sahihi, utapoteza kidogo sana.

Kivinjari hakina uwezo huo, kitapita kwa mchanganyaji daima. Huduma za muziki zenye programu ya kompyuta zitumie kupitia programu yake, kisha ingia kwenye mipangilio uweke ubora wa juu kabisa, kwa sababu haukuwekwa hivyo tangu mwanzo. Angalia kifurushi chako cha data kabla.

Sasa kiasi cha sauti. Una angalau vitufe vinne: cha programu, cha Windows, cha kigeuzi (wakati mwingine) na cha amplifaya. Vitatu vya kwanza vikae juu. Cha amplifaya ndicho cha kuzungusha.

Sababu ni hii. Kila desibeli 6 unazopunguza kwa namba ni biti moja imepotea. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 hivi. Ukipunguza 30 ndani ya kompyuta umetupa biti tano, halafu amplifaya inazikuza zilizobaki pamoja na "shhh". Ndiyo maana tuliweka biti 24 hatua iliyopita: hata ukilazimika kupunguza, kuna akiba.

Onyo. Punguza amplifaya hadi sifuri *kabla* ya kupandisha kompyuta hadi 100. Na kama kigeuzi chako kinaingia moja kwa moja kwenye spika zisizo na kitufe, usipandishe kabisa. Wimbo wa kwanza utakuwa wa mwisho kwa spika hizo.

Kuna ubaguzi mmoja. Vigeuzi vingi vya mezani vinatoa volti 2, na sabufa nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kupokea zote hizo. Sauti ikipasuka hata amplifaya ikiwa chini, teremsha kompyuta hadi 70 au 80. Na VLC isizidi asilimia 100: kile kipande cha ziada kwenye kitelezi chake hukata vichwa vya mawimbi.

*Umefaulu kama* unasikiliza kwa kawaida na kitufe cha amplifaya kiko katikati, wala si robo ya kwanza wala mwisho kabisa.

## Hatua ya 7: Hakikisha kwa jaribio, si kwa hisia

Masikio yanadanganyika kirahisi, hasa baada ya kulipa. Fanya haya:

Kwanza, kushoto na kulia. Waya nyekundu na nyeupe zilizopishana ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Kwenye Windows, kitufe cha "Test" kwenye dirisha lile la sauti kinatoa mlio upande mmoja mmoja.

Pili, wenye resiva ya sinema inayosoma DTS wana jaribio zuri kuliko yote. Chukua faili ya WAV yenye DTS ndani yake, icheze kwa kumiliki kifaa. Resiva ikiwasha neno DTS, namba zimefika bila kuguswa hata moja. Zikiguswa, utasikia mvumo mkali wa takataka, kwa hiyo punguza sauti kabla ya kubofya.

Tatu, chunguza faili zenyewe. Programu ya bure iitwayo Spek inachora picha ya masafa ya wimbo. CD halisi kwa kawaida inapanda hadi karibu kilohezi 22. MP3 ya kilobiti 128 hukatwa kama kwa kisu karibu na kilohezi 16. Ukiona FLAC imekatwa hapo 16, huenda mtu alichukua MP3 akaigeuza kuwa FLAC, na wewe umepoteza nafasi ya diski. Yule wa FLAC na MP3 zisizo na tofauti, mara nyingi jibu lake liko hapa.

Nalo hili nilisemee: zilipendwa nyingi zilizoko mtandaoni zilitolewa kwenye kanda ya kaseti iliyochoka, na ile "shhh" imo ndani ya rekodi. Mfumo safi zaidi utakusikilizisha hiyo kelele vizuri zaidi. Kigeuzi hakina hatia.

## Hatua ya 8: Sauti ikikatika

Anza na rahisi. Hamisha kigeuzi kwenye tundu lingine la USB. Badilisha waya, waya wa kuchajia simu wakati mwingine hauna nyuzi za data kabisa. Kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, zima "USB selective suspend", maana inakilaza kigeuzi ili kuokoa betri.

Bado? Zima Wi-Fi kwa dakika chache usikilize. Draiva ya Wi-Fi iliyozeeka inaweza kushikilia prosesa kwa muda mfupi unaotosha kukata sauti. Programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha ni draiva ipi inayochelewesha. Ipakue mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Mwisho, ongeza urefu wa bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) kwenye programu ya kuchezea. Kwa kusikiliza muziki, hata sekunde nzima haina madhara. Kwa anayerekodi au kucheza gemu ni habari nyingine, na hapo bafa ndefu itamkera.

Kama kinachokatika ni mwanzo tu wa wimbo, neno la kwanza linamezwa kisha mambo yanakwenda sawa, hakuna kilichoharibika. Kigeuzi kinachukua muda mfupi kushika kasi mpya kila kompyuta inapofungua mlango. Weka nyimbo za kasi moja kwenye orodha moja, au kwenye foobar2000 tumia hali ya kawaida badala ya `[exclusive]`, ili kasi ya kifaa isibadilike kati ya wimbo na wimbo.